Kuchelewa kwa Vizuizi vya Matangazo: Nani Alaumiwe?

Manung'uniko yamezidi miongoni mwa watumiaji wa intaneti kwamba programu za kuzuia matangazo hazisasishwi kwa wakati. Mtu afungua YouTube ili asikilize hotuba au ajifunze ufundi. Jana alitazama kwa utulivu. Leo matangazo yamerejea, au ameonyeshwa ilani ya kumtaka aondoe kizuizi chake. Asubiri sasisho. Siku ya kwanza yapita, ya pili yapita, na sasisho halijafika. Hapo hasira hupanda, na kwa kuwa mtengenezaji wa programu ile ndiye pekee anayejulikana kwa jina, hasira yote humwangukia yeye. Huambiwa kuwa ni mvivu, hajali, na amewatupa watu waliomwamini.

Sisi hatusemi kwamba manung'uniko haya hayana msingi. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na mlinzi afikaye baada ya mwizi kuondoka hana faida kwa mwenye nyumba. Lakini kabla ya kutoa hukumu yatupasa kujua kazi hii hufanywaje, hufanywa na nani, na hasa ni nani mwenye kuishika njia ambayo sasisho hupitia. Tukiyatazama hayo kwa makini tutaona kwamba sehemu kubwa ya lawama inapelekwa kwa mtu asiyestahili.

Kwanza yafaa ieleweke kwamba jambo hili si la starehe tu. Mfanyakazi anayenunua kifurushi cha intaneti kwa fedha yake hulipia kila kitu kinachoingia katika simu yake, na picha na video za matangazo humo ndani. Tangazo hupakuliwa kwa fedha ya yule yule anayeuziwa bidhaa. Zaidi ya hayo, liko suala la usalama. Desemba 2022 idara ya upelelezi ya Marekani, FBI, iliwaonya wananchi kwamba wahalifu walikuwa wakinunua nafasi za matangazo katika mitambo ya kutafutia habari, wakijifanya kampuni za kweli, ili wawaibie watu nywila na fedha. Katika onyo hilo FBI yenyewe iliwashauri watu watumie programu ya kuzuia matangazo wanapotafuta habari. Basi kizuizi kilichochelewa kusasishwa ni kufuli mbovu, na aliyelala nyuma ya kufuli hiyo ana haki ya kuuliza.

ORODHA HUTOKA WAPI

Wengi hudhani kwamba kizuizi cha matangazo ni mashine yenye akili, inayolitambua tangazo kwa kulitazama. Sivyo. Programu hizi hutegemea orodha. Orodha hizo zina makumi ya maelfu ya mistari, na kila mstari hutaja anwani isiyotakiwa kufunguliwa, au sehemu ya ukurasa inayopaswa kufichwa. Kivinjari kinapoufungua ukurasa, programu hulinganisha kila kinachoombwa na mistari ile, na kilichomo katika orodha hukataliwa. Kwa hiyo ubora wa kizuizi ni ubora wa orodha yake, na orodha ya juma lililopita haijui hila ya leo.

Orodha inayojulikana kuliko zote, EasyList, ilianzishwa na Rick Petnel mwaka 2005. Alipofariki mwaka 2009 wengine waliipokea kazi ile na kuiendeleza hadi leo. Kazi yenyewe ni hii: mtu mmoja hupeleka taarifa kwamba tovuti fulani inaonyesha matangazo, mtunzaji huifungua tovuti hiyo, huchunguza tangazo linaingilia wapi, huandika mstari wa kulizuia, kisha hujaribu kama mstari ule haukuharibu ukurasa. Mstari mmoja ulioandikwa vibaya waweza kumzuia mtu kulipa bili au kuingia katika akaunti yake. Baadaye mwenye tovuti hubadilisha jina la faili moja tu, na kazi yote huanza upya. Wengi wa wanaoifanya kazi hii hawalipwi mshahara. Huifanya usiku, baada ya kazi inayowapatia chakula.

Wala mzigo wao si wa kuandika peke yake. Oktoba 2022 ilijulikana hadharani kwamba seva za EasyList zilikuwa zimeelemewa, kwa sababu kivinjari cha simu kilichokuwa na watumiaji wengi nchini India kiliundwa kiipakue orodha nzima kila kilipofunguliwa. Watu wa kujitolea wakajikuta wakiubeba mzigo uliotupwa na mtu mwingine. Hii ndiyo sababu mojawapo ya orodha kuwekewa muda: programu huelekezwa isije kuuliza habari mpya kila dakika, bali baada ya saa au siku kadhaa. Kwa hiyo mtumiaji asipoona sasisho leo, yawezekana kwamba mstari wa kumsaidia umekwisha kuandikwa, ila programu yake haijaenda kuuchukua.

VITA VYA MWAKA 2023

Ushahidi mzuri wa mambo haya ulionekana mwaka 2023. Mwezi Juni YouTube ilikiri kwamba ilikuwa ikijaribu kuwazuia watu wenye vizuizi vya matangazo wasitazame video. Kufikia mwisho wa Oktoba ilieleza kwamba juhudi hiyo sasa ni ya ulimwengu mzima. Mtazamaji alitakiwa aruhusu matangazo au alipie huduma isiyo na matangazo.

Walioikabili hatua hiyo upande wa pili ni watu wachache tu, hasa wale wanaoitunza uBlock Origin, programu ya Bw. Raymond Hill aliyeanza kazi hii mwaka 2014. YouTube ilikuwa ikibadilisha mitambo yake mara kwa mara, wakati mwingine zaidi ya mara moja kwa siku. Watunzaji walijibu kila badiliko kwa mistari mipya. Aliyesasisha orodha zake asubuhi aliweza kuzuiwa jioni, kisha akafunguliwa tena usiku. Katika hali hiyo malalamiko yalimiminika, na mengi yalitoka kwa watu waliokuwa wamepachika vizuizi viwili au vitatu kwa pamoja, vikagombana vyenyewe kwa vyenyewe, au ambao hawakuwa wamezisasisha orodha zao.

Hata hivyo wakosoaji walisaidia kwa namna moja. Mwishoni mwa mwaka huo huo uBlock Origin iliingiza utaratibu mpya ambao kwao programu hupakua mistari iliyobadilika peke yake, pasipo kuichukua orodha nzima. Kwa njia hiyo sasisho laweza kufika ndani ya saa chache bila kuzielemea seva. Jambo hili lastahili kukumbukwa, kwani laonyesha kwamba kuchelewa kulikokuwa mikononi mwa watunzaji wenyewe, walikutafutia dawa. Na Bw. Hill hapokei michango ya fedha kwa kazi yake. Huwaambia wanaotaka kutoa wawape watunzaji wa orodha.

Wako waliochagua njia nyingine. Adblock Plus, iliyoanza mwaka 2006, ilikuja kuwa mali ya kampuni ya Eyeo ya Ujerumani. Mwishoni mwa mwaka 2011 ilianzisha mpango wa kuyaruhusu matangazo inayoyaona kuwa ya kiasi, na kampuni kubwa hulipa ili matangazo yao yapite. Februari 2015 gazeti la Financial Times liliripoti kwamba Google, Microsoft na Amazon walikuwa miongoni mwa waliolipa. Mpango huo huleta mishahara, na mishahara huleta wafanyakazi wa kushinda kazini. Lakini mtumiaji naye hana budi kujiuliza: mlinzi anayelipwa na anayelindwa dhidi yake, siku ya mgogoro atasimama upande gani? Mkono mtupu haulambwi, na mkono uliojaa nao una mwenyewe.

LANGO JIPYA LA CHROME

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo. Kivinjari cha Chrome, mali ya Google, hutumiwa na yapata theluthi mbili ya watu wote wanaovinjari intaneti duniani. Na Google huishi kwa matangazo. Mwaka 2023 kampuni mama yake, Alphabet, ilipata mapato ya dola bilioni 307, na katika hizo zaidi ya bilioni 237 zilitokana na matangazo. Basi mwenye lango ambalo wengi wetu huingilia ndiye pia mwenye duka kubwa la matangazo kuliko yote. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mwishoni mwa mwaka 2018 Google ilionyesha rasimu ya kanuni mpya kwa programu zote ndogo zinazopachikwa katika Chrome. Kanuni hizo zaitwa Manifest V3. Kwa kanuni za zamani, kizuizi chenyewe kiliamua kipi kipite na kipi kisipite, na kiliweza kuchukua orodha mpya wakati wowote. Kwa kanuni mpya, kizuizi hukikabidhi kivinjari orodha ya sheria, na kivinjari ndicho huamua. Mwanzoni idadi ya sheria ilipangwa kuwa 30,000, kiasi ambacho EasyList peke yake ingekimaliza. Watu wakapiga kelele, Bw. Hill akiwa miongoni mwa wa kwanza kuonya, Januari 2019. Baadaye idadi iliongezwa sana. Lakini lililo kubwa zaidi kwa hoja yetu ya leo ni hili: sheria nyingi lazima zifungwe ndani ya programu yenyewe. Mtunzaji akitaka kubadilisha mistari hiyo, hana budi kutengeneza toleo jipya la programu nzima, alipeleke katika duka la Google, na kungoja likaguliwe. Iko nafasi ya sheria za kubadilika bila kupita dukani, na baadhi ya vizuizi huitumia, lakini ina kikomo.

Utekelezaji ulikuja polepole, kisha kwa nguvu. Tangu Juni 2024 Chrome ilianza kuwaonya wenye programu za mtindo wa zamani, na tangu Oktoba 2024 ikaanza kuzizima kwa watumiaji wa kawaida. Katikati ya mwaka 2025 mlango wa mwisho wa kuzirudisha ulifungwa. uBlock Origin, iliyokuwa na watumiaji zaidi ya milioni 30 katika duka la Chrome, ikatoka. Mahali pake ikabaki uBlock Origin Lite, nayo ni kazi ya Bw. Hill, iliyopunguzwa ili ilingane na kanuni mpya. Orodha zake husasishwa pale tu programu yenyewe inaposasishwa.

Msomaji na apime. Katika vita vya mwaka 2023 upande mmoja uliweza kubadilisha mitambo yake mara mbili kwa siku, na upande wa pili ukajibu ndani ya saa chache. Leo, kwa mwenye Chrome, upande wa kwanza haukupunguziwa mwendo hata kidogo, na upande wa pili umepewa foleni ya kusimama. Mwenye YouTube ni Google. Mwenye Chrome ni Google. Mwenye duka la ukaguzi ni Google. Hii ndiyo kesi ya ngedere kupelekewa nyani.

Kweli, Novemba 2023 Google ilitangaza kwamba mabadiliko ya sheria zisizo na hatari yatapitishwa kwa haraka, na baadaye ikaweka utaratibu wa baadhi yake kuruka ukaguzi. Hatua hiyo ni njema, nasi twaitambua. Lakini haigusi sehemu iliyo ngumu kuliko zote. Matangazo ya YouTube hayazuiliki kwa kukataa anwani peke yake. Huhitaji vipande vya programu vinavyofanya kazi ndani ya ukurasa. Vipande hivyo bado lazima vipite mlangoni.

HOJA YA UPANDE WA PILI

Haki yatutaka tuisikilize Google pia. Yenyewe yasema kwamba kanuni za zamani zilikuwa na hatari, kwani programu yenye uwezo wa kusoma kila kinachoombwa na kivinjari yaweza pia kuiba siri za mwenye kivinjari. Hoja hii ina ukweli. Zimewahi kupatikana katika maduka programu zilizojiita vizuizi, kumbe ni wezi. Ukaguzi una sababu zake, na haraka haraka haina baraka.

Vile vile wako waandishi na watengeneza video ambao riziki yao ni matangazo. Gazeti lolote lajua hesabu ya karatasi, wino na mishahara, na haliwezi kusema kwamba tangazo ni dhambi. Mtu anayezuia kila tangazo na asilipie chochote, naye ajiulize kazi anayoisoma italipwa na nani.

Lakini hoja hizi mbili hazijibu swali letu. Ikiwa shabaha ni usalama, ukaguzi ungeweza kuwekwa mikononi mwa asiye na faida katika matokeo yake. Wala hatusemi kwamba asiyeuza matangazo hakosei. Septemba 2024 duka la Firefox, ambalo ni la Mozilla, liliisimamisha uBlock Origin Lite kwa madai ya kuvunja kanuni. Bw. Hill aliyakanusha madai hayo, na baadaye Mozilla ikakubali kwamba ilikosea. Lakini yeye alikuwa amechoka kupoteza muda kwa mambo ya namna hiyo, akaiondoa programu ile katika duka hilo. Tukio hili lafundisha kwamba lango lolote laweza kukosea. Tofauti ni kwamba kosa la Mozilla halikumwingizia mwamuzi fedha.

Mahakama za Marekani nazo zimelitazama suala la ukubwa wa Google. Agosti 2024 Jaji Amit Mehta aliamua kwamba kampuni hiyo ilidumisha kwa njia isiyo halali ukiritimba wa kutafuta habari katika intaneti. Aprili 2025 Jaji Leonie Brinkema aliamua vivyo hivyo kuhusu sehemu ya biashara ya mitambo ya matangazo. Hata hivyo, Septemba 2025 Jaji Mehta alikataa ombi la serikali la kuilazimisha Google iuze Chrome. Lango limebaki kwa mwenyewe.

LA KUFANYA

Basi mtu mwenye manung'uniko afanye nini? Twatoa shauri letu kwa ufupi.

La kwanza, achague kivinjari kwa akili. Firefox bado yaikubali uBlock Origin kamili, hata katika simu za Android, wakati Chrome ya simu haikubali programu hizi kabisa. Kwa watu wetu, ambao wengi wao hulijua jina la intaneti kwa njia ya simu tu, tofauti hii si ndogo. Lakini asijidanganye kwamba huko hakuna hatari: sehemu kubwa ya mapato ya Mozilla hutoka kwa Google yenyewe, kwa mkataba wa kuiweka kama mtambo wa kutafutia habari. Mto mmoja ukikauka, visima viwili hupungua maji.

La pili, kabla ya kulalamika azisasishe orodha zake kwa mkono wake mwenyewe, na aondoe vizuizi vya ziada. Kisha kama tatizo limebaki, apeleke taarifa kamili: ukurasa gani, kivinjari gani, toleo gani, na kilichoonekana. Taarifa ya namna hiyo humwokolea mtunzaji saa nzima. Tusi halimwokolei hata dakika moja, na mara nyingine humfanya aiache kazi, na mahali pake pasipatikane mtu.

La tatu, na hili ni kwa wafanyakazi hasa. Ninyi mwajua maana ya kulaumiwa kwa mzigo uliochelewa bandarini, hali ninyi mlikwisha kuupakua na ufunguo wa lango u mfukoni mwa mwingine. Msiwatendee wenzenu wa kazi hii yale msiyopenda kutendewa. Wao hawana chama, hawana mshahara, hawana saa za mapumziko zilizoandikwa. Walicho nacho ni ufundi wao na nia ya kuwasaidia watu wasiowajua.

La nne ni la wenye madaraka. Serikali zetu zinapotunga sheria za mitandao huuliza mara nyingi raia ameandika nini, na huuliza kwa nadra ni nani aliyepewa uwezo wa kuamua raia aone nini na alipie nini. Swali la kivinjari ni mojawapo ya maswali hayo. Mwenye kuuza matangazo asiwe yeye peke yake mwenye kuamua kama mtu anaruhusiwa kuyakataa, na kwa mwendo gani.

Tunarudia tulilosema mwanzo: anayengoja sasisho ana haki ya kuchoka. Lakini uchovu wake aupeleke panapostahili. Aliyeandika mstari mpya usiku wa jana amekwisha kumaliza kazi yake. Wa kuulizwa ni yule aliyeuweka mstari huo kwenye foleni.